Mathenge wa Turkana na Rifainari ya Changamwe: Je, Kuni Zaweza Kuwa Petroli?

Leo nakutoa Pwani kidogo nikupeleke Lodwar, kisha nikurudishe Changamwe, kwani mambo ya huko na ya huku yamefungana kuliko tunavyodhani.

Nilikwenda Turkana kwa shughuli ya jamaa. Joto la Lodwar halikunitisha sana, ingawa la kwetu lina unyevu na la kule ni kavu kama la tanuri. Kilichonifanya niulize maswali ni makaa. Ukitoka mjini kufuata mto Turkwel, magunia yamepangwa kando ya njia, na nyuma ya kila gunia ni kichaka cha mti mmoja tu, kijani na wenye miba mirefu. Serikali na wengi wetu tunauita mathenge. Waturkana wenyewe wanauita etirae.

Kijana wa bodaboda aliyenichukua kwenda kuswali Ijumaa alinigeukia tukisubiri pikipiki ipoe. "Mzee, wewe ni mtu wa magazeti. Niliona kwa simu ati huko ng'ambo wanatoa petroli kwa miti. Ni ukweli? Kwa sababu hii mti yetu imejaa, na petroli hapa ni bei."

Nilimwambia nitamjibu nikishajua. Petroli ya Lodwar hutoka kwetu Mombasa, ikapita nchi nzima, na kila kilomita inaongeza senti. Kwa kijana anayenunua lita moja moja, swali lake lilikuwa la tumbo. Haya ndiyo majibu niliyoyapata.

Mti huu ulitoka wapi

Jina lake la kitaalamu ni Prosopis juliflora, na asili yake ni Amerika. Jambo ambalo wengi wetu hatulijui ni kwamba rekodi ya kwanza ya mti huu nchini Kenya ni ya kwetu Pwani. Mwaka 1973 mbegu zilizotoka Brazil na Hawaii zilipandwa Bamburi, kwenye machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, ili kuirudishia uhai ardhi iliyobaki mifupa mitupu.

Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 70 na mwanzoni mwa miaka ya 80, miradi ya serikali na wafadhili iliupeleka katika nyanda kame: Baringo, Tana River, Garissa na Turkana. Nia ilikuwa njema. Ukame ulikuwa umeua mifugo, watu hawakuwa na kuni wala kivuli, na mchanga ulikuwa unahama. Mathenge huota pasipo mvua, mizizi yake hufuata maji chini sana, na ukiukata huchipuka tena kwa nguvu zaidi.

Sifa hizo hizo ndizo zilizougeuza balaa. Maganda yake ni matamu, mbuzi huyala, na mbegu hupita tumboni bila kuharibika zikapandwa na kinyesi kila mbuzi aendako. Ule utamu huozesha meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wakazi wa Baringo waliishtaki serikali, na katika kesi hiyo wakampeleka mahakamani Nairobi mbuzi asiye na meno kama ushahidi. Mwaka 2008 serikali ikautangaza mti huo kuwa gugu hatari.

Kwa hiyo Turkana ina mti usiotakiwa, ulio mwingi na unaojirudia wenyewe. Mtu yeyote mwenye akili ya biashara atauliza kama hautaweza kutiwa katika tangi.

Kazi inavyofanyika

Jibu fupi ni ndiyo, kuni zaweza kuwa petroli. Kuni zina kaboni na haidrojeni kama mafuta ya ardhini. Tatizo ni kwamba zina pia oksijeni nyingi, karibu nusu ya uzito wake, na oksijeni haiungui. Ufundi wote ni wa kuiondoa.

Njia ya kwanza ni kuzisaga kuni zilizokauka kuwa chenga, kisha kuzipasha moto wa nyuzi 500 hivi mahali pasipo na hewa, kwa sekunde chache tu. Mchoma makaa anaifahamu nusu ya kazi hii: na yeye huziba hewa ili kuni zisiungue kabisa. Tofauti ni kwamba yeye huchukua siku nyingi, hubakiza makaa na kuuacha moshi uende zake. Mtambo huu huunasa moshi na kuupoza ghafla, nao ukawa mafuta meusi yenye harufu ya samaki wa kubanika. Kutoka katika tani moja ya kuni kavu hupatikana kilo 600 hadi 700 za mafuta hayo. Kinachobaki ni gesi na unga wa makaa.

Lakini usiyatie katika pikipiki. Karibu robo yake ni maji. Ni makali kama siki, hivyo hula chuma cha kawaida. Hayachanganyiki na mafuta ya petroli, yakikaa muda mrefu huganda, na nguvu yake kwa kilo haifiki hata nusu ya ile ya dizeli.

Ndipo kiwanda cha kusafisha mafuta kinapoingia. Viwanda vikubwa vina mtambo wa kuvunja molekuli nzito kwa kutumia kichocheo cha unga moto, na zao lake kuu ni petroli. Ukichanganya mafuta ya kuni kiasi kidogo, kama sehemu 5 katika 100, pamoja na mafuta mazito ya kawaida, mtambo huo huyavunja yote kwa pamoja. Petroli inayotoka haina tofauti na nyingine. Ukizidisha kiasi, masizi hukijaza kichocheo na kazi husimama. Njia nyingine ni kuyapitisha mafuta hayo katika haidrojeni kwa shinikizo kubwa, haidrojeni ikaichukua oksijeni na kutoka nayo kama maji.

Faida ya kutumia viwanda vilivyopo ni kwamba matangi, mabomba, maabara na mafundi tayari viko. Kujenga kiwanda kipya cha kila kitu ndiko kulikowafilisi wengi.

Waliofanikiwa na walioanguka

Waswidi wametangulia. Katika miji yenye viwanda vya karatasi, misonobari inapopikwa hubaki utomvu wa mafuta. Mwaka 2010 kiwanda cha SunPine huko Piteå kilianza kuugeuza utomvu huo kuwa dizeli ghafi, na kampuni ya Preem ikaimalizia katika kiwanda chake cha zamani cha mafuta mjini Gothenburg. Mwaka 2021 kampuni ya Pyrocell, karibu na mji wa Gävle, ikaanza kuyatoa mafuta kwa maranda ya mbao kwa ile njia ya moto bila hewa, ili yaende kusafishwa katika kiwanda cha Preem cha Lysekil. Nchini Finland, kampuni ya UPM ilifungua kiwanda chake Lappeenranta mwaka 2015 kinachotumia utomvu huo huo wa misonobari.

Tazama wanachofanana. Kuni hawazifuati msituni. Wanatumia takataka za viwanda vya mbao na karatasi, zilizokwisha kukusanywa mahali pamoja kwa gharama ya mwingine. Sisi kiwanda chetu kikubwa cha karatasi kilikuwa Webuye, nacho kilifungwa mwaka 2009, na hata kilipopata mwenyewe mpya hakikuwa na utomvu wa kulisha Changamwe. Isitoshe, mathenge si msonobari, na haina utomvu wa aina hiyo. Kwetu ingebaki njia ya moto bila hewa tu.

Kisha watazame walioanguka. Marekani, kampuni ya KiOR ilijenga kiwanda huko Columbus, jimbo la Mississippi, cha kugeuza misonobari kuwa petroli na dizeli. Jimbo lenyewe liliikopesha dola milioni 75 bila riba. Mitambo ilikwama mara kwa mara, mafuta yaliyotoka yalikuwa machache kuliko yaliyoahidiwa, na Novemba 2014 kampuni ikaomba kinga ya kufilisika. Ilikuwa na wataalamu na matajiri nyuma yake.

Na hapa Kenya tuna mfano wetu wa mathenge. Huko Marigat, Baringo, kampuni ya Cummins ilipanga mtambo wa megawati 12 wa kuzalisha umeme kwa mti huu huu. Wakazi waliambiwa watalipwa kwa kila kilo ya kuni watakayoleta. Mradi ulikwama, na mathenge ukaendelea kuota. Umeme ni kazi nyepesi kuliko petroli. Kama lile lilitushinda, hili tulikaribie kwa adabu.

Rifainari yetu

Mimi ni mtoto wa Changamwe. Usiku tulikuwa tukiuona moto wa mnara wa Rifainari kama taa ya mtaa, na nusu ya wazazi wa darasa letu walipata riziki humo au kwa wanaofanya kazi humo. Kiwanda kilianza kazi mwaka 1963. Serikali ikachukua nusu ya hisa mwaka 1971, Essar ya India ikanunua nusu ya pili mwaka 2009, na Septemba 2013 usafishaji ukasimama. Mwaka 2016 serikali ikabaki na kiwanda chote, na mwaka 2023 kikakabidhiwa shirika la bomba la mafuta, KPC. Tangu moto ule uzimike, kazi yake kubwa ni matangi ya kuhifadhia.

Mafuta ya Turkana yaliwahi kufika humo. Visima vya Lokichar viligunduliwa mwaka 2012. Juni 2018 malori yakaanza kuyabeba mafuta ghafi kutoka Turkana hadi Mombasa katika matangi yenye joto, kwa kuwa yana nta na yakipoa huganda. Mwezi huo huo wakazi waliyazuia malori wakidai usalama kwanza. Agosti 2019 meli ikaondoka bandarini na mapipa 200,000 hivi kwenda kuuzwa nje. Changamwe iliyahifadhi tu, haikuyasafisha hata pipa moja.

Je, Rifainari yaweza kuyasafisha mafuta ya mathenge? Hapa tuseme kweli. Kiwanda chetu kilikuwa cha aina nyepesi. Kilikuwa na minara ya kuchemshia mafuta ghafi, mitambo ya kuondoa salfa kwa haidrojeni, na mtambo wa kupandisha okteni ya petroli. Kile kinu cha kuvunja molekuli nzito, ambacho ndicho kiingilio rahisi cha mafuta ya kuni, hakikuwemo. Ulikuwepo mpango wa kukipanua kwa zaidi ya dola bilioni moja, na mpango huo ulipoachwa ndipo kiwanda kikafungwa. Kwa hiyo mtu akikuambia "kiwanda kipo, tutie kuni", mwambie kiwanda kipo ila kinu chenyewe hakipo, na mitambo ya haidrojeni iliyokuwepo imelala tangu 2013.

Haina maana Changamwe haifai. Eni ya Italia iligeuza kiwanda chake cha zamani cha Venice kuwa cha mafuta ya mimea mwaka 2014, na cha Gela mwaka 2019. Kampuni hiyo hiyo ilifungua kituo cha kukamua mbegu huko Makueni mwaka 2022, na mwaka huo huo mafuta ya mbegu za Kenya yakapakiwa Mombasa kwenda Gela. Wazo la kuigeuza Rifainari yetu kwa kazi hiyo limetajwa hadharani. Mpaka litimie, tunachofanya ni kile kile cha mkonge na kahawa: mali ghafi inatoka bandarini, na kilichosafishwa kinarudi kwa bei ya wenyewe.

Hesabu ya kijana wa bodaboda

Tufanye hesabu ya kidukani. Tani moja ya kuni kavu, kazi ikienda vizuri, hutoa kama lita 200 za petroli na dizeli zilizosafishwa. Lori la lita 35,000 lingehitaji tani 175 za kuni kavu, na mbichi ni nzito zaidi. Mathenge una miba inayotoboa gurudumu la lori, vigogo vyake ni vingi na vyembamba, na umetawanyika kando ya mito. Kuukata ni kazi ya panga na mikono.

Kisha safari. Kutoka Lodwar hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,100. Ukibeba kuni zenyewe, umebeba hewa na maji. Ukiyatoa mafuta Lodwar na kuyaleta Changamwe, basi katika kila kilo nne utakazobeba, moja tu itakuwa petroli. Tatu zitapotea kiwandani kama maji, gesi na masizi. Halafu petroli ile irudi Lodwar kwa lori jingine. Mafuta hayo yatakuwa ghali kuliko ya Ghuba, isipokuwa pawe na mnunuzi anayelipa zaidi kwa sababu hayatoki ardhini, kama wauzaji wa mafuta ya ndege walivyoanza kulazimishwa Ulaya.

Kakuma: kuni zina wenyewe

Nilipofika Kakuma, kilomita 120 hivi kutoka Lodwar, niliacha kufikiria lita nikafikiria sufuria. Kambi ilianza mwaka 1992, na leo pamoja na makazi ya Kalobeyei ina watu zaidi ya 250,000. Wengi wao wanapika kwa kuni na makaa, na kuni hizo kwa sehemu kubwa ni mathenge. Shirika la wenyeji, LOKADO, kwa miaka mingi limekuwa likikusanya kuni kutoka kwa Waturkana na kuwagawia wakimbizi. Mgao hautoshi mwezi. Mwanamke akienda porini kuongeza, hukutana na hatari ya kupigwa au kubakwa, na pia ugomvi na wenyeji wanaouliza ni kuni za nani.

Mama mmoja wa Kiturkana alikuwa ameketi kando ya lagha ya Tarach na magunia mawili. Nilimsalimu "Ejoka," akacheka lafudhi yangu akajibu "Ejok nooi." Nikamuuliza akisikia kampuni inakuja kununua mathenge wote atafurahi?

"Wataninunulia mimi ama watanunulia chifu?" akauliza. Kisha akaongeza, "Hii mti iliua mbuzi wangu. Lakini watoto wanasoma na makaa yake. Wakibeba yote, nitauza nini?"

Sijasikia mtaalamu yeyote akiliweka swali hili vizuri kuliko yeye. Gugu la serikali ni shamba la mama huyu. Kwa mafuta ya visima, Sheria ya Petroli ya 2019 imetaja mgao: asilimia 20 ya fungu la serikali kwa kaunti na asilimia 5 kwa jamii ya pale pale. Mti haumo katika sheria hiyo. Ngao aliyo nayo ni Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, nayo humlinda vizuri zaidi pale ardhi ya jamii yake ilipoandikishwa.

Tudai nini

Kwa maoni yangu, petroli ya mathenge si uongo, ila isiwe kitu cha kwanza. Kwanza ni kuchoma makaa kwa tanuri bora badala ya shimo, kwani shimo hupoteza kuni nyingi mno kwa gunia lile lile. Pili ni majiko yanayokula kuni chache pale Kakuma. Tatu, ikiwa mtambo wa moto bila hewa utaletwa, uwe mdogo, uwe Turkana kwenyewe, mafuta yake yaanze kwa kazi nyepesi ya kupasha moto matanuri na viwanda, na unga wa makaa ubaki kwa mashamba ya Turkwel.

Atakayekuja na ahadi ya petroli aulizwe manne: kuni zitanunuliwa kwa nani na kwa bei gani, ardhi imeandikishwa kwa jina la nani, mafuta yatasafishwa wapi, na mathenge ukiisha atafuata mti gani? Swali la mwisho ni zito. Kiwanda kina njaa ya kila siku, na porini Turkana kuna miti ya asili, migunga iliyolisha ngamia kabla mathenge haujafika. Kiwanda hakitabagua.

Na sisi wa Pwani tusijitoe. Mbegu ya kwanza ilipandwa Bamburi, na matangi yako Changamwe. Ikiwa Rifainari itageuzwa kuwa ya mafuta ya mimea, tudai kazi ya kusafisha na mafunzo kwa vijana wetu, tusiridhike na kukodisha matangi na kuhesabu meli.

Kijana wangu wa bodaboda, nilikuahidi jibu, na hili ndilo. Ni kweli, mti watoa petroli. Lakini kwa mitambo tuliyo nayo na barabara iliyopo, lita yake ingekufikia Lodwar kwa bei kubwa kuliko ya leo. Atakayekuambia vinginevyo, mwombe akuoneshe hesabu kabla hujamwonesha panga lako.